Urithi wa Waimbaji wa Nchi ya Pamba



Baadhi ya vijana wa kwaya zetu wametuuliza, na si mara moja, kama ni halali kwa Mkristo kusikiliza muziki uitwao bluzi. Wamesikia ya kwamba ni muziki wa shetani, na ya kwamba mwimbaji wake mashuhuri kuliko wote aliiuza roho yake kwenye njia panda usiku wa manane. Tangu ilipotoka filamu "Sinners" mwaka 2025, ambayo ndani yake kijana mpiga gitaa, mtoto wa mchungaji, anaishi katika mji wa Clarksdale mwaka 1932, swali hilo limerudi kwa nguvu. Tungaliweza kulijibu kwa sentensi moja. Tumeona ni vema zaidi kuwasimulia historia ya watu wenyewe, kwa maana ni vigumu kuuhukumu wimbo wa mtu ambaye hujui alikula nini, alilala wapi, na nani alikuwa akimdai.

Nchi inayohusika iko Marekani, katika jimbo la Mississippi, nayo huitwa Delta. Jina hilo huwapoteza wengi, kwa kuwa si mlango wa mto unaoingia baharini. Ni bonde tambarare lililoko kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, lianzalo karibu na mji wa Memphis upande wa kaskazini na kwishia Vicksburg upande wa kusini. Mafuriko ya karne nyingi yaliacha hapo udongo mweusi wenye rutuba ya ajabu. Sehemu kubwa ilikuwa bado msitu na kinamasi utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865. Walioukata msitu huo, wakainua matuta ya kuzuia mto na kuipanda pamba, walikuwa hasa watu weusi, ama waliokuwa watumwa jana ama watoto wao.

Utumwa ulikuwa umekwisha kwa sheria, lakini daftari lilichukua nafasi ya mnyororo. Mwenye shamba alitoa ardhi, nyumba ya mbao, mbegu na nyumbu, mkulima alitoa nguvu zake na za mkewe na watoto wake, mavuno yakagawanywa. Unga, chumvi, viatu na dawa vilikopwa katika duka la mwenye shamba, kwa bei aliyoipanga mwenye shamba, na kuandikwa na karani wa mwenye shamba. Mwisho wa mwaka hesabu ilipofungwa, mara nyingi mkulima aliambiwa kwamba amebakiwa na deni. Kubisha kulikuwa hatari. Katiba ya Mississippi ya mwaka 1890 ilikuwa imewanyang'anya weusi kura kwa hila ya kodi na mitihani ya kusoma, na watu waliuawa na makundi ya raia mbele ya macho ya watu, pasipo hukumu yoyote. Msomaji aliyewahi kusikia wazee wakisimulia mambo ya manamba katika mashamba ya walowezi hatahitaji maelezo marefu.

Katika shamba mojawapo la namna hiyo, lililoanzishwa na Will Dockery mwaka 1895 kando ya mto Sunflower, aliishi mtu mfupi mwenye sauti nzito kama ya kukwaruza, jina lake Charley Patton. Alizaliwa karibu na mwaka 1891. Alijifunza gitaa kwa mtu aliyeitwa Henry Sloan, ambaye hakuacha sauti yake katika santuri hata moja. Watoto wengi wa Delta walianza na chombo duni zaidi: waya uliofungwa kwa misumari kwenye ukuta wa nyumba, ukapigwa kwa kidole huku chupa ikitelezeshwa juu yake. Mwanamuziki W. C. Handy, mtu wa shule aliyejua kuandika noti, alisimulia jinsi alivyomkuta karibu mwaka 1903, katika kituo cha reli cha Tutwiler, mtu mwenye nguo zilizochakaa akitelezesha kisu juu ya nyuzi za gitaa na kuimba juu ya mahali reli mbili zinapokatana. Handy aliuona kuwa muziki wa ajabu kuliko wote aliopata kuusikia. Wenyeji waliokuwa hapo, bila shaka, hawakuona la ajabu.

Asili ya sauti hiyo ni Afrika, ingawa si pwani yetu. Mtaalamu Gerhard Kubik wa Austria, aliyefanya utafiti wa muziki kwa miaka mingi katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki na kwingineko barani, aliandika kitabu juu ya Afrika na bluzi mwaka 1999, akionyesha kwamba mengi katika uimbaji huo yafanana na yale ya ukanda wa savana wa Afrika ya Magharibi, toka Mali hata kaskazini mwa Nigeria. Sauti inayopanda kisha kuporomoka, mwimbaji mmoja na chombo chake kimoja, neno linaloulizwa na mdomo na kujibiwa na uzi: mambo haya yalivuka bahari ndani ya vichwa vya watu waliofungwa pingu.

Sasa tufike kwenye lile swali la shetani. Jumamosi usiku, wakulima walikusanyika katika nyumba moja, kukawa na samaki wa kukaanga, pombe ya magendo, kamari, dansi, na mara nyingine visu. Mpiga gitaa ndiye aliyewaweka watu pale hadi alfajiri. Jumapili asubuhi watu walewale, au wake zao na mama zao, walikuwa kanisani. Wachungaji wa makanisa ya Kibaptisti waliikemea bluzi kwa ukali, na tusiwalaumu upesi: walizika vijana waliokufa katika nyumba zile, na waliona mshahara wa juma ukiishia mezani pa kamari. Mchungaji anayejua kilabu cha pombe kilichopo jirani na parokia yake atawaelewa. Hata hivyo mstari kati ya nyumba hizi mbili haukuwa ukuta. Ulipita katikati ya mtu mmoja. Patton mwenyewe alirekodi nyimbo za dini, na kampuni ikazitoa kwa jina la Mzee wa Kanisa J. J. Hadley, ili mnunuzi mcha Mungu asijue ya kuwa ni yuleyule mlevi wa Jumamosi.

Aliyeumizwa zaidi na mgawanyiko huo ni Son House. Alianza kuhubiri akiwa kijana wa miaka kumi na mitano, na kwa miaka kadhaa aliona hata kuligusa gitaa ni dhambi. Alipokaribia miaka ishirini na mitano alisikia mtu akipiga kwa shingo ya chupa, na tangu siku ile hakuweza kuacha. Mwaka 1928 alimpiga risasi mtu na kumwua katika nyumba ya ngoma, akapelekwa shamba la gereza la Parchman, akaachiwa kabla ya muda wake. Mwaka 1930 alirekodi wimbo uitwao "Preachin' the Blues", uliochukua pande zote mbili za santuri. Ndani yake anawadhihaki wahubiri wanaoukimbilia wito ili wasishike jembe, na papo hapo analia kama mtu aliyefukuzwa nyumbani kwake. Kwa maoni yetu hakuna mahubiri mengi ya miaka ile yanayosema ukweli kuhusu mhubiri kwa kiasi hicho. Nasi makleri tungefanya vema kuusikiliza tukiwa tumeketi.

Lakini kisa kinachojulikana na wote ni cha Robert Johnson, aliyezaliwa Hazlehurst mwaka 1911. Son House alisimulia kwamba kijana huyo alikuwa akiwasumbua wakubwa kwa kulipapasa gitaa vibaya, watu wakalalamika. Kisha akatoweka, na aliporudi alipiga kuliko wote. Hapo ndipo miaka mingi baada ya kifo chake watu walipopachika habari ya njia panda, ambayo kwa kweli ilikuwa imekwisha kusimuliwa juu ya mwingine, Tommy Johnson, kwa kinywa cha ndugu yake. Wimbo "Cross Road Blues" wa mwaka 1936 hautaji mapatano yoyote na shetani. Ndani yake yumo mtu aliyepiga magoti, anayemwomba Mungu rehema, naye anaogopa giza kwa kuwa hakuna gari linalosimama kumchukua. Na mtu mweusi katika Mississippi ya siku zile alikuwa na sababu ya kuogopa kukutwa barabarani usiku.

Watafiti wamekwisha kueleza alikokuwa. Alirudi karibu na alikozaliwa, akakaa na mwalimu aliyeitwa Ike Zimmerman, na wawili hao walikuwa wakienda makaburini usiku kufanya mazoezi, kwa sababu huko kulikuwa kimya na hawakumwamsha mtu. Hiyo ndiyo siri yote. Tunaona ni dhuluma ya aina yake kwamba jasho la kijana maskini, usiku hadi usiku, limepewa shetani kama sifa. Mtoto wa tajiri akipiga kinanda vizuri tunasema amesoma. Mtoto wa mkulima mweusi akipiga gitaa vizuri twatafuta mganga wake.

Johnson alirekodi mara mbili tu: San Antonio mwezi Novemba 1936 na Dallas mwezi Juni 1937, jumla ya nyimbo 29. Akafa karibu na Greenwood tarehe 16 Agosti 1938, akiwa na miaka 27. Mwezi Desemba mwaka huohuo John Hammond, aliyeandaa tamasha kubwa la muziki wa watu weusi katika ukumbi wa Carnegie huko New York, alikuwa amemtafuta aje kuimba. Alipojua kwamba amefariki, aliweka gramafoni jukwaani na kuwapigia watu santuri zake mbili.

Yafaa tujiulize santuri hizo zilitengenezwaje, maana urithi huu ungeweza kupotea kabisa. Huko Jackson, mji mkuu wa Mississippi, alikuwako mwenye duka mmoja Mzungu, H. C. Speir, aliyeuza santuri kwa weusi katika mtaa wa Farish na kuwatafutia makampuni waimbaji. Ndiye aliyemfikisha Patton kwa kampuni ya Paramount. Na Paramount ilikuwa nini? Ilikuwa tawi la kiwanda cha viti cha Wisconsin. Kiwanda kilitengeneza makabati ya gramafoni, kikaona kwamba makabati yatauzika vizuri zaidi kukiwa na santuri za kuweka ndani. Tarehe 14 Juni 1929 Patton alirekodi kwa mara ya kwanza, mjini Richmond katika jimbo la Indiana. Mwaka uliofuata yeye, Son House, Willie Brown na mpiga piano Louise Johnson walisafiri hadi Grafton, Wisconsin. Waimbaji hawa walilipwa fedha za mkupuo kwa kila wimbo, mirabaha hawakuijua. Kisha ukaja mdororo mkubwa wa uchumi, kampuni ikafa, na mabamba ya chuma yaliyohifadhi sauti zao yakauzwa kama vyuma chakavu. Santuri nyingine zimebaki nakala moja au mbili duniani kote. Mojawapo ya Son House haikuonekana kwa miaka 75, mpaka nakala moja ilipojitokeza mwaka 2005.

Tuwape mfano wa kilichookolewa. Tarehe 21 Aprili 1927 tuta la mto Mississippi lilibomoka mahali paitwapo Mounds Landing, kaskazini ya mji wa Greenville, na Delta ikawa bahari. Katika majimbo yote yaliyofurika, watu zaidi ya 600,000 walipoteza makao. Huko Greenville maelfu ya weusi walikuwa wamesimama juu ya tuta, sehemu pekee iliyokauka. Meli zilifika. Ziliwachukua Wazungu. Wenye mashamba waliogopa kwamba wafanyakazi wao wakiondoka hawatarudi, hivyo weusi walibakizwa katika kambi, wakalindwa kwa bunduki, wakafanyizwa kazi ya kupakua shehena za misaada na kuinua matuta. Mwaka 1929 Patton aliimba juu ya maji hayo katika "High Water Everywhere", pande mbili za santuri. Anataja miji mmoja baada ya mwingine jinsi maji yalivyoifikia, kama mtu anayesoma majina ya marehemu. Na anasema alitaka kukimbilia nchi ya vilima lakini njia ilikuwa imefungwa. Magazeti ya wakati ule yaliwasifu waokoaji. Walioachwa juu ya tuta hawakuwa na gazeti katika kila mji, wala mbunge, wala hakimu. Walikuwa na huyu.

Kwetu sisi hapa ndipo penye urithi wenyewe. Watu ambao hakuna aliyewauliza neno walisema majina yao, ya vijiji vyao na ya gereza lao, na wakasema linalowauma. Tunaposali Zaburi ya 88, ambayo huishia gizani pasipo faraja, hatusemi kwamba mzaburi amekosa imani. Twaiweka katika Sala ya Usiku ya Ijumaa. Hatudai kwamba kila wimbo wa bluzi ni zaburi. Zipo za ulevi na za uzinzi, nazo zinajisema zenyewe bila haya. Twasema tu kwamba kilio si kufuru.

Jinsi urithi huo ulivyosambaa yaelezwa kwa kirefu katika vitabu vingi, nasi tutapita haraka. Kati ya mwaka 1916 na 1970 weusi wapatao milioni sita waliihama kusini ya Marekani. Wa Delta walipanda treni kwenda Chicago, hasa baada ya mashine za kuvunia pamba kuanza kuchukua nafasi ya mikono. Shamba la Hopson karibu na Clarksdale lilizitumia mbele ya mashahidi mwaka 1944. Mwezi Agosti 1941 Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani na John Work, mwalimu mweusi wa Chuo Kikuu cha Fisk, walikuwa wamemkuta katika shamba la Stovall dereva wa trekta aliyeitwa McKinley Morganfield, wakamrekodi. Alipojisikia mwenyewe katika chombo aliona naye aweza. Mwaka 1943 alihamia Chicago, akaliunganisha gitaa lake na umeme, na dunia ikamjua kwa jina la Muddy Waters. Wimbo wake wa mwaka 1950 ndio uliowapa Rolling Stones wa Uingereza jina lao. Wengine kina Eric Clapton na Led Zeppelin walifuata, na mengine mnayajua kutoka redioni.

Jambo lisemwalo mara chache ni kwamba urithi huo uliingia pia kanisani, kwa mlango wa mbele. Roebuck Staples alikulia katika shamba la Dockery na alijifunza gitaa akimsikiliza Patton. Alipohamia Chicago hakuimba bluzi. Aliwafundisha watoto wake nyimbo za Injili, wakawa Staple Singers, na nyimbo zao zilisindikiza mapambano ya Martin Luther King. Gitaa ni lilelile la Jumamosi usiku, sasa likipigwa Jumapili.

Na kwa ajili ya wasomaji wetu wa Kenya, dokezo moja. Mississippi ilikuwa pia na mwimbaji Mzungu, Jimmie Rodgers wa Meridian, mfanyakazi wa reli aliyeichukua bluzi kwa weusi aliofanya nao kazi. Santuri zake zilifika mpaka kwa Wakipsigis, wakaligeuza jina lake kuwa Chemirocha, na mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kapkatet wakimwimba huyo Chemirocha kama kiumbe nusu mtu nusu mnyama. Sehemu ya sauti ya Mississippi, kwa hiyo, ilikwisha kufika Kericho kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Turudi kwa wazee wenyewe. Miaka ya sitini vijana Wazungu wa kaskazini, wapenzi wa santuri kuukuu, walianza kuwatafuta. Mmoja alisikia katika wimbo wa Mississippi John Hurt wa mwaka 1928 jina la kijiji cha Avalon, akaenda huko mwaka 1963, akamkuta mzee akiwa hai. Bukka White alipatikana kwa barua iliyoandikwa juu yake jina lake, kwamba ni mwimbaji mzee wa bluzi, na kupelekwa posta ya Aberdeen. Skip James alikutwa mwaka 1964 kitandani hospitalini Tunica. Son House naye hakuwa Mississippi kabisa. Alikuwa Rochester, katika jimbo la New York, alikokuwa amefanya kazi kwenye reli, hana gitaa na amekwisha kusahau vidole viende wapi. Kijana mmoja, Alan Wilson, aliyezisoma santuri zake kwa sikio, aliketi naye na kumrudishia nyimbo zake mwenyewe. Siku waliyompata ilikuwa tarehe 21 Juni 1964. Usiku wa siku hiyohiyo, kule Mississippi, wilaya ya Neshoba, vijana watatu waliokuwa wakiwaandikisha weusi kupiga kura, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliuawa. Chaney alikuwa mweusi, wenzake wawili Wayahudi wa New York. Hatuwezi kuzisimulia habari hizi mbili mbalimbali. Taifa lilikuwa linaanza kuipenda sauti ya Mississippi huku mwenye sauti akiwa bado hana kura.

Wala fedha hazikufuata njia ya sifa. Mchungaji Robert Wilkins wa Hernando aliwahi kurekodi bluzi mwaka 1929. Mwaka 1936 aliiacha baada ya kuona watu wakipigana karamuni alipokuwa akipiga, akawa mhudumu katika Kanisa la Mungu katika Kristo. Wimbo wake mmoja hakuutupa. Aliyageuza maneno yake, akauweka ndani yake mfano wa mwana mpotevu wa Luka sura ya 15, akaurekodi mwaka 1964. Rolling Stones waliuimba mwaka 1968, na katika matoleo ya kwanza ya albamu ile jina la mtunzi halikuwa la Wilkins. Baadaye kosa hilo lilisahihishwa. Skip James, tofauti na wengi, alipata kitu: bendi ya Cream ya Uingereza ilirekodi wimbo wake mmoja mwaka 1966, na mirabaha ikamsaidia kugharimia matibabu kabla hajafa mwaka 1969. Nyimbo za Robert Johnson zilipokusanywa zote mwaka 1990, ziliuzwa kwa zaidi ya nakala milioni moja. Mwaka 1998 mahakama ya Mississippi ilimtambua kuwa mrithi wake mwanawe wa pekee, mzee aliyekuwa ametumia maisha yake akiendesha lori la kokoto, na mahakama kuu ya jimbo ikathibitisha uamuzi huo mwaka 2000. Miaka sitini ilikuwa imepita tangu baba yake azikwe.

Je, Kanisa Katoliki lilikuwa wapi? Lilikuwa dogo sana katika Delta, lakini lilikuwapo. Huko Greenville, mji uleule wa mafuriko, Wamisionari wa Neno la Mungu walifungua mwaka 1920 seminari ya kwanza nchini humo ya kuwaandaa mapadre weusi, ikahamishiwa Bay St. Louis mwaka 1923. Mapadre wake wanne wa kwanza walipewa daraja mwezi Mei 1934, chini ya mwezi mmoja baada ya kifo cha Charley Patton. Na katika mji wa Yazoo, ukingoni mwa Delta, alizaliwa mwaka 1937 Thea Bowman, mjukuu wa watumwa, aliyejiunga na Kanisa Katoliki akiwa mtoto na kuwa mtawa Mfransisko. Mwezi Juni 1989, akiwa katika kiti cha magurudumu kwa ajili ya kansa iliyokuwa imeenea hadi mifupani, aliwahutubia maaskofu wa Marekani. Alianza kwa kuwaimbia wimbo wa kiroho wa watumwa, akawaeleza maana ya kuwa mweusi na Mkatoliki pasipo kuacha mlangoni chochote alichorithi, na alipomaliza aliwasimamisha, wakashikana mikono na kuimba. Alifariki mwezi Machi 1990. Mchakato wa kumtangaza mtakatifu ulifunguliwa mwaka 2018.

Mwezi Desemba 1997 B. B. King, mzaliwa wa karibu na Itta Bena katikati ya Delta, aliyeonyeshwa gitaa kwa mara ya kwanza na mchungaji wa kanisa lake, alipiga katika tamasha la Noeli la Vatikano, akamkabidhi Papa Yohane Paulo II gitaa lake alilolipenda na kuliita Lucille. Papa alilipokea. Vijana waliotuuliza wanaweza kuitafuta picha hiyo.

Charley Patton alizikwa Holly Ridge pasipo jiwe. Jiwe liliwekwa mwaka 1991, na aliyeligharimia ni mwimbaji wa roki, John Fogerty. Mwaka 2006 jimbo la Mississippi lilipoanza kuweka mabango ya kumbukumbu ya bluzi barabarani, la kwanza lilisimamishwa hapo. Kaburi la Robert Johnson limebishaniwa zaidi, kwa kuwa hati ya kifo chake ilitaja Kanisa la Zion bila kueleza ni lipi. Leo kuna mawe matatu ya kumkumbuka karibu na Greenwood: moja Mount Zion, karibu na Morgan City, la pili Payne Chapel, huko Quito, na la tatu Little Zion, ambako mama mmoja mzee alishuhudia kwamba mumewe ndiye aliyechimba kaburi, na wengi sasa wanaamini ndiko aliko. Yote matatu yako katika viwanja vya makanisa, na waumini wa makanisa hayo ndio wanaofyeka majani.